Nyinyoro na ndugu zake: kupanda maua ya vitunguu ya kizamani Dar es Salaam

Kila Machi, Uingereza inapojaa dafodili, yale maua ya njano yenye kikombe katikati, picha zake hufika kwenye simu za Dar es Salaam, na baada ya picha huja swali: nikiagiza vitunguu vyake, yale mafundo ya chini ya ardhi yanayofanana na vitunguu vya mboga, huku vitaota? Vitaota. Vitatoa majani, pengine marefu kupita kiasi, kisha majani yatalala chini na kunyauka bila ua, na mwaka wa pili hutaona kitu.

Kosa si la udongo wala la mbolea. Dafodili huumba ua lake mapema kabisa, kitunguu kikiwa kimelala ardhini bila hata jani. Ila bua la kulibeba ua hilo halirefuki mpaka kitunguu kikae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 za Selsiasi kwa wiki 12 hadi 16. Dar es Salaam, usiku wa Julai wenye ubaridi wa kutosha hushuka kwenye nyuzi 18 au 19 hivi. Sisi hapo tumeshaanza kutafuta shuka, dafodili hata haijasinzia.

Lakini dafodili ina ukoo mkubwa, na katika ukoo huo wamo wengi wasiohitaji baridi hata siku moja. Usingizi wao huletwa na ukame. Mvua ikikatika na jua likikaza, wanarudi chini, majani yanakauka, na juu ya ardhi hakubaki alama. Mvua ya kwanza ikigonga wanatoka, tena wengine wanatanguliza ua kabla ya jani. Hao ndio tutakaowapanda hapa: maua ya vitunguu ya kizamani, yale ambayo mabibi walipeana juu ya uzio na ambayo bado yamejificha kwenye viwanja vya zamani vya mji huu. Ukishakubali kwamba kitunguu kinataka kuachwa kikauke kwa miezi kadhaa, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni kumzuia kijana wa bustani asikimwagilie.

Kwanza tumalizane na dafodili

Anayeitaka kweli anaweza kuipata, kwenye chungu, mara moja tu, kwa msaada wa friji.

Agiza vitunguu kutoka Afrika Kusini badala ya Ulaya. Kalenda yao inaendana na yetu: msimu wao wa kupanda dafodili ni karibu Aprili na Mei, kwa hiyo vitunguu huuzwa kuelekea miezi hiyo. Vya Ulaya huuzwa kuanzia Septemba. Hesabu wiki za friji na utaona vinatoka Januari au Februari, joto la kaskazi likiwa juu, na ua linakauka ndani ya ganda lake kabla halijafunguka. Usisahau pia kwamba kuingiza vitunguu vya mimea nchini kunataka kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka vinakotoka. Kuvificha katikati ya nguo kwenye begi si ujanja. Magonjwa ya mimea husafiri hivyo hivyo.

Vitie kwenye mfuko wa karatasi, uweke sehemu ya chini ya friji, si kwenye friza, mwanzoni mwa Aprili. Katika friji hiyo pasiwe na embe, ndizi wala parachichi zinazoiva, maana matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua ua lililo ndani ya kitunguu. Umeme ukikatika saa mbili tatu si neno. Ukiwa unakatika kutwa nzima, ongeza wiki. Julai ikiingia, panda kwenye chungu, ncha zikichungulia juu ya udongo, na ukiweke upande wa kusini wa nyumba. Kwetu jua la Julai hupita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini ndio wenye kivuli. Ua likisha kunyauka, tupa kitunguu. Hakitarudi.

Kuna njia rahisi zaidi: zile dafodili nyeupe ndogo za Mediterania zenye harufu kali, Narcissus papyraceus. Hazitaki friji. Zipange juu ya kokoto kwenye bakuli, maji yaguse kitako cha kitunguu tu, na baada ya wiki nne hadi sita zinachanua. Zile za kizamani zinazopendwa na wakusanyaji, King Alfred ya njano ya mwaka 1899 au Thalia nyeupe ya 1916, zinataka baridi yao kamili. Mwenye shamba Njombe au Makete, ambako sakitu hudondoka Juni na Julai, azijaribu huko. Hapa Dar tuendelee na yetu.

Nani wa kupanda

Wa kwanza ni nyinyoro, Scadoxus multiflorus kwa jina la kitaalamu. Ni mzaliwa wa Afrika, anaota mwituni kwenye vichaka vya pwani yetu, na bado watu wanaagiza vitunguu vyake kutoka nje kwa bei ya kushangaza. Bua lake hutoka ardhini peke yake, nene, na kule chini utaona madoa ya zambarau yaliyonyunyizwa ovyo. Juu linabeba kifungu kilichofumbwa, na kikifunguka ni tufe jekundu lenye upana wa sentimita 15 hadi 25. Lisogelee uliangalie. Si ua moja, ni vijiua vingi vilivyobanana, huweza kufika 200, kila kimoja kina petali sita nyembamba na nyuzi sita nyekundu zenye ncha ya njano. Vumbi hilo la njano likikushika kwenye shati jeupe, utalikuta mpaka siku ya kufua. Tufe hukaa wiki moja, likibahatika mbili, kisha majani mapana yanafuata na kukaa mpaka Juni.

Wa pili ni krinamu, na hapa kuna wawili. Crinum asiaticum ndiye mkubwa, majani yake hupita mita moja, na anastahimili upepo wa chumvi kuliko ua lolote ninalolijua. Mtu wa Kigamboni au Msasani aanze na huyu. Mwenzake ni Crinum stuhlmannii, mzaliwa wa Afrika Mashariki na kusini mwake, mwenye maua meupe yaliyopigwa mstari wa waridi. Jina lake ni la Franz Stuhlmann, yule Mjerumani aliyeanzisha mwaka 1893 bustani ambayo leo ni Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Krinamu hunukia zaidi jua likizama, kwa sababu wageni wake ni nondo. Mpande karibu na baraza unapokaa jioni, si nyuma ya banda la kuku.

Wa tatu ni amarilisi, yaani Hippeastrum, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyezoea nchi zote za joto. Madukani wakati wa Krismasi utaona maboksi yenye kitunguu kikubwa na picha ya ua la upana wa sahani. Hao wamezalishwa Uholanzi kwa ajili ya chungu cha sebuleni, na katika ardhi ya Dar wengi wao huoza masika ya kwanza au ya pili. Mimi nakushauri umtafute yule wa zamani, Hippeastrum puniceum: ua dogo kiasi, rangi ya chungwa iliyoiva, koo lake jeupe linaloelekea ukijani, na kitunguu kinachozaa watoto bila kuombwa. Kama unapenda historia, mtafute mwekundu mwenye mstari mweupe katikati ya kila petali. Chotara huyo alizalishwa Uingereza karibu mwaka 1799 na mtengeneza saa aliyeitwa Arthur Johnson, na inasemekana ndiye chotara wa kwanza kabisa wa amarilisi. Zaidi ya miaka 200, na bado anagawanywa kwa mkono.

Wengine nitawapitia haraka. Hymenocallis littoralis ni lile ua jeupe lenye vidole virefu vyembamba na kikombe laini katikati, ambalo umeliona limepandwa mistari kwenye bustani za hoteli. Halifi kirahisi, linapenda maji, na linafaa pale ambapo pengine hakuna kitakachoota. Zephyranthes, maua ya mvua, ni vijitu vifupi vyeupe au vya waridi vinavyochanua siku chache baada ya mvua nzito. Vipange kando ya njia na uvisahau.

Pa kuvipata

Vitalu vya kando ya barabara, kuanzia vile vya Barabara ya Bagamoyo, vina krinamu na Hymenocallis karibu wakati wote. Nyinyoro ni wa bahati. Muuzaji naye mara nyingi hajui jina, kwa hiyo nenda na picha kwenye simu. Usinunue kilichochanua kwa sababu ya ua. Shika kitunguu, kibonyeze kwa kidole gumba pale karibu na kitako. Kigumu, chukua. Kikibonyea, hata kama majani yanameremeta, kiache.

Ila hazina yenyewe haiko kitaluni. Iko Upanga, Oysterbay, Kurasini, Chang'ombe, kwenye nyumba za kota na viwanja vya misheni, kokote ambako kuna nyumba iliyokaa miaka mingi bila kubomolewa. Vitunguu hivi vinadumu kuliko waliovipanda. Nyumba inauzwa, wapangaji wanabadilika, nyasi zinakua mpaka kiunoni, na vuli ikifika tufe jekundu linatokeza katikati ya nyasi bila mtu kujua nani alilipanda. Na kwa kuwa kila mwezi kuna nyumba ya zamani inayopisha ghorofa, huo ndio wakati wa kuomba. Ukiona kiwanja kimezungushiwa mabati lakini tingatinga halijaingia, simama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mzee. Naomba ruhusa nichimbe yale maua pale kwenye msingi, kabla hawajamwaga kifusi."

Mara nyingi mlinzi atacheka, atakuuliza kama ni dawa, kisha atampigia simu msimamizi. Subiri ruhusa hiyo. Bila ruhusa ni wizi, hata kama kesho yake yote yatafukiwa. Kwa bibi mwenye nyumba yake mambo ni mepesi zaidi: mwamkie, lisifie ua lake, omba kitoto kimoja, na mara ijayo umpelekee kitu cha kwako. Bustani ya Mimea nenda ukaangalie tu, usiguse. Na mwituni usichimbe. Vichaka vya pwani vinaisha vyenyewe kwa kasi ya kutosha, na nyinyoro wa nyumbani wapo.

Kalenda

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tusiharakishe.

Juni, masika ikiwa imekwisha na kusi inavuma, majani ya nyinyoro huanza kugeuka manjano. Usishtuke, usiongeze maji, usitie mbolea. Kinachotokea ni kwamba kitunguu kinanyonya chakula chote kilichobaki kwenye majani na kukiweka akiba. Kata maji polepole, na majani yakishakauka kabisa, acha kabisa. Julai na Agosti hapo pawe pakavu. Kama kuna maua mengine jirani yanayomwagiliwa kila siku, nyinyoro wako utamkuta ameoza.

Amarilisi hana shida hiyo kwa kiasi kile kile. Dar anaweza kubaki na majani mwaka mzima. Lakini ukimnyima maji kwa wiki sita hadi kumi, Julai hadi Septemba, atakulipa kwa kuchanua kwa pamoja badala ya ua moja hapa na jingine kule. Krinamu mkubwa na Hymenocallis hawalali. Hao endelea nao kawaida.

Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba ndio wakati wa kuchimba, kugawanya na kupanda. Kitunguu kilicholala hakihisi kisu. Oktoba, mawingu ya vuli yakianza kukusanyika, mwagilia mara moja, kwa wingi, udongo ulowe mpaka chini, kisha ngoja. Kama vitunguu vimekomaa, ncha zitaonekana. Mvua zikichelewa, rudia baada ya siku kumi hivi. Maji ya kidogo kidogo kila asubuhi hayaamshi kitu, yanakaribisha kuvu tu.

Januari na Februari ni kipindi cha kuangalia. Mvua zimekatika, kaskazi inakausha kila kitu, lakini nyinyoro yuko katikati ya msimu wake na majani yake ndiyo yanayopika ua la mwakani. Mwagilia vizuri mara mbili kwa wiki. Huu si wakati wake wa kulala.

Mahali na udongo

Nyinyoro anataka kivuli chepesi, chini ya mwembe au mfenesi pale jua linapopenya vipande vipande. Jua la saa nane mchana humuunguza majani. Amarilisi anataka jua la asubuhi na kivuli baada ya saa sita. Krinamu, Hymenocallis na maua ya mvua wanakubali jua kutwa.

Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywe, kisha lijaze tena. Baada ya saa mbili kama maji bado yamesimama, usipande hapo chini. Inua tuta la sentimita 25 hadi 30. Sehemu za mabondeni na zile za Mikocheni ambako maji ya ardhini yako juu, tuta si hiari. Upande wa pili kuna viwanja vya mchanga mtupu, ambako maji hupita kabla mzizi haujayaona. Huko ongeza mboji mpaka mikono ichoke.

Mchanganyiko wa chungu au tuta: udongo wa kawaida sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza sehemu moja. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi. Mbichi inaunguza kitako cha kitunguu. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi, na fukwe zetu hazina mchanga wa kugawa.

Maji ya kisima chenye chumvi krinamu mkubwa atayavumilia. Nyinyoro na amarilisi hapana. Ukiona ukoko mweupe pembeni ya chungu, hiyo ni chumvi inakusanyika. Kinga maji ya mvua kwenye tangi uwatunzie hao wawili.

Kupanda

Kosa la kawaida ni kufukia mno. Nyinyoro: shingo ya kitunguu ilingane na uso wa udongo, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine. Amarilisi: theluthi ya juu ya kitunguu ibaki nje kabisa, nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Krinamu: shingo nje, na mpe nafasi ya mita moja, maana atakuja kuidai. Maua ya mvua ndiyo yanayozama, sentimita tano, yakibanana kwa sentimita saba au nane.

Chini ya kila kitunguu tia konzi ya mchanga mtupu kikalie. Mizizi iliyo hai usiikate, itandaze. Shindilia kwa vidole, si kwa mguu. Kisha chomeka kijiti chenye jina, kwa sababu Agosti ijayo utasahau kuna nini hapo na utapiga jembe.

Ukipanda kwenye chungu au ndoo ya rangi, toboa matundu manne chini na uchague chombo kinachobana: upana wa kidole kati ya kitunguu na ukingo unatosha. Wakibanwa ndio wanachanua. Kisahani cha chini kimwage kila baada ya kumwagilia. Dar es Salaam ilishapata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji machache tu yaliyotuama.

Majani, fyekeo na mbolea

Amarilisi hujenga kichipukizi kimoja cha ua kwa kila majani manne hivi anayotoa. Ukipiga hesabu hiyo utaelewa kwa nini bustani nyingi zina majani na hazina maua: kila Jumamosi kijana anapita na fyekeo kusafisha, na kila Jumamosi anakata ua la mwakani. Panga mawe kuzunguka vitunguu, mwoneshe, mwambie sababu. Akijua sababu, atakuwa mlinzi wako kuliko hayo mawe. Bua lililomaliza kuchanua kata, isipokuwa unataka mbegu. Jani la kijani usiguse mpaka likauke lenyewe.

Mbolea si kitu cha kukuumiza kichwa. Konzi mbili za samadi iliyooza kwa kila mmea mvua zikianza, na tena Machi. Majivu ya kuni kidogo tu kama udongo wako si wa matumbawe. Kama ni wa matumbawe, acha majivu, magadi yanatosha humo. Mbolea ya kuku na urea zinaleta majani makubwa laini, na wadudu wanayasikia harufu kutoka mbali.

Wanaokula

Adui mkubwa ana mistari. Ni kiwavi mweusi mwenye pete nyeupe au za njano, mtoto wa nondo aitwaye Brithys crini, na hali kitu kingine ila ukoo huu. Mayai hutagwa kwa kundi chini ya jani. Viwavi wakiwa wadogo huingia katikati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo kwa nje unaona tu doa linalong'aa, limekuwa jembamba mpaka mwanga unapita. Ukilipuuza, baada ya siku chache wanashuka shingoni na kuingia kwenye kitunguu, na hapo umeshachelewa. Kila unapopita, geuza majani. Doa hilo ukiliona, kata kipande chote na ukichome. Wakubwa waokote jioni kwa tochi, watie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kinga nzuri ni mbegu za mwarobaini: menya, twanga, loweka gramu 50 kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Baada ya mvua nyunyiza tena.

Konokono wakubwa wa kwetu hula ncha changa za nyinyoro zikitokeza tu. Waokote usiku, na usitumie chumvi, unaharibu udongo wako mwenyewe. Madoa mekundu yaliyopasuka kwenye majani ya amarilisi ni kuvu: kata yaliyoathirika, acha kumwagilia juu ya majani, na mahali hapo usipande amarilisi mwingine. Kitunguu kilichooza upande mmoja kinaokoleka. Kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi, paka salfa ile wanayopuliza kwenye mikorosho, kiache kivulini wiki nzima ndipo ukipande.

Usivihifadhi jikoni

Ukoo mzima una sumu, dafodili akiwemo. Inaitwa likorini, na nyingi iko ndani ya kitunguu chenyewe. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2009 wanafunzi wa shule moja Uingereza waliugua baada ya kitunguu cha dafodili kuingia kwenye supu yao. Kwetu, ambako vitunguu vya mboga hukaa kwenye kapu lililo wazi, hatari ni kubwa zaidi. Vilivyochimbwa viweke stoo, kwenye gunia linalopitisha hewa, na uandike SUMU kwa herufi kubwa. Mtu akila na kuanza kutapika, apelekwe hospitali pamoja na kipande cha alichokula. Vaa glavu unapokata, utomvu unawasha.

Kuongeza

Njia ya haraka ni watoto. Baada ya miaka mitatu au minne fundo litakuwa limejaa na maua yatapungua. Chimba Agosti kwa uma wa bustani, ukianzia mbali na shingo, na utenganishe kwa mikono wale wanaoachia wenyewe. Mtoto mdogo kuliko yai la kuku mwache kwa mama yake msimu mmoja zaidi.

Amarilisi mmoja unaweza kumkata kuwa vipande vinane kutoka juu hadi chini, ilimradi kila kipande kibaki na sehemu ya kitako. Pasipo kitako hakuna mzizi. Vipake salfa, vichomeke nusu kwenye mchanga unyevu kivulini, na baada ya wiki kadhaa vitunguu vidogo vitajitokeza kati ya maganda.

Mbegu ni za mwenye subira. Za krinamu ni nene, zimejaa maji, na zile za Crinum asiaticum huelea baharini mpaka ziote ufukwe mwingine. Usizihifadhi: zinaota hata juu ya meza bila tone la maji. Zilaze tu juu ya udongo, usizifukie. Za nyinyoro ziko ndani ya tunda jekundu. Lipasue, osha utelezi wote, kwa sababu utelezi huo huzuia kuota, na upande siku hiyo hiyo, mbegu ikiwa nusu nje. Ua la kwanza la nyinyoro wa mbegu huchukua miaka mitatu au zaidi, hivyo kwenye kijiti chake andika jina na mwaka, kwa kalamu isiyofutika na mvua.